Msamaha Ambao Severina Hakuutoa

Severina aliolewa Rungwa akitokea Itigi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na yeye alikulia karibu na stesheni, akizoea kelele za abiria na mayai ya kuchemsha yanayouzwa madirishani. Rungwa hakukuwa na treni. Kulikuwa na barabara ya vumbi, nyumba za udongo zilizoachana mbali, na msitu wa miyombo ulioanzia nyuma ya vyoo vya watu na kwenda mpaka mbuga ya wanyama. Wiki ya kwanza alilia kila asubuhi. Mumewe, Laurian, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimkatia kipande cha sega, akamwekea mkononi, akasema, "Kula na nta yake, usiteme. Utazoea."

Akazoea. Alijifunza kukamua masega, kuchuja asali kwa kitambaa na kuyeyusha nta bila kuiunguza. Alijifunza Kikimbu cha kutosha kugombana na mama mkwe wake, na baadaye cha kutosha kumwuguza.

Laurian alikuwa mrina asali, na popote alipokwenda porini alikwenda na Paskali. Walikua pamoja, walichunga pamoja, wakabandua magome pamoja wakitengeneza mizinga yao. Paskali ndiye aliyesimamia ndoa ya Laurian na Severina. Binti yao Jenipher alipozaliwa, Paskali alimshika mtoto mbele ya padri, akawa baba yake wa ubatizo. Akija jioni hakubisha hodi. Aliketi, akasogezewa bakuli.

Zamani asali yote ilikwenda kwenye chama cha ushirika. Bei ilikuwa ndogo na malipo yalichelewa, lakini hakuna aliyekimbia, kwa sababu hakukuwa na cha kukimbilia. Kisha chama kikafa, ikaja biashara huria. Wanunuzi wakaanza kuja na malori yao kutoka mijini, wakilipa taslimu palepale barabarani, na gari likijaa liliondoka. Aliyechelewa alibaki na ndoo zake mpaka lori lingine, na hakuna aliyejua lingine litakuja lini. Watu waliokuwa wakirina pamoja wakaanza kufichana njia. Mizinga ikaanza kuibiwa, jambo ambalo wazee walisema hawajawahi kuliona.

Kiangazi cha mwaka tisini na mbili, Laurian na Paskali walikuwa kambini, mwendo wa siku nzima kutoka kijijini. Paskali alikuta mizinga yake miwili imekombwa. Huenda alikuwa nyegere, huenda alikuwa mtu mwingine. Mpaka leo haijulikani. Jioni ile walikuwa wamekunywa wanzuki, pombe ile ya asali, na Paskali akamwuliza rafiki yake kama yeye ndiye mwizi. Laurian alicheka. Paskali alichukua shoka, akaligeuza, akampiga kwa mpini.

Jioni ya siku iliyofuata Paskali aliingia kijijini akisukuma baiskeli. Laurian alikuwa juu yake, amefungwa kwa kamba za magome, amefunikwa shuka. Paskali alipita nyumbani kwa Severina bila kugeuza uso, akaenda kusimama mbele ya nyumba ya Urbano, kaka mkubwa wa Laurian. Akasema, "Nimemuua Laurian. Waiteni mgambo, mimi siendi popote."

Severina alikuwa kisimani. Alipofika, mumewe alikuwa tayari amelazwa ndani, na Paskali ameketi chini ya ukuta, mikono imefungwa. Mgambo walimpakia Paskali kwenye lori lilelile la kununua asali, kwa kuwa halikuwepo gari lingine. Severina alimwona kisogo tu, katikati ya ndoo. Alikuwa na mimba changa ambayo Laurian peke yake ndiye aliyeijua.

Baada ya hapo mambo yote yalifanyika mbali naye. Mara mbili alimwuliza katibu kata kesi imefika wapi. Mara mbili aliambiwa, "Subiri mama, utaitwa ukihitajika." Hakuhitajika. Paskali alikiri kuua bila kukusudia, na mtu akikiri hakuna anayeita mashahidi. Habari ya hukumu aliisikia kwa utingo wa lori aliyekuja kunywa maji.

"Yule wenu si kafungwa miaka kumi na mbili," utingo alisema, akirudisha kikombe.

"Lini?"

"Ah, muda. Kabla ya mvua hizi."

Severina alichukua kikombe, akakisuuza, akakirudisha mahali pake. Alitamani angekuwepo. Alitaka kusikia Paskali akiulizwa kwa nini, na alitaka kusikia akijibu. Sasa swali lilikwisha kuulizwa na jibu lilikwisha kutolewa, mbele ya watu ambao hawakumjua Laurian.

Mtoto alizaliwa akiwa wa kiume. Urbano alimpa jina la babu yao, Naftali. Hapa lazima niseme kwamba Urbano hakuwa mtu mbaya. Alikuwa katekista wa kigango, mtu wa sauti ya chini. Aliezeka upya nyumba ya Severina, alimlimia, hakumdai amrithi wala hakuruhusu mwingine amdai. Kila jambo la nyumba ile lilipita kwake, na Severina hakuona ubaya wowote. Mwanamke mwenye watoto wawili na bila mume alihitaji mtu wa kusimama mbele.

Naftali alikuwa mtoto wa kucheka. Alikuwa na masikio ya baba yake, yaliyosimama pembeni kama vishikio vya sufuria. Alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa wakati wa masika. Lori walilopanda kwenda hospitali Itigi lilizama kwenye tope katikati ya pori, na huko ndiko alikofia, mgongoni kwa mama yake, watu wakikata matawi ya kuweka chini ya matairi. Severina hakumwambia mtu. Alisubiri mpaka gari lilipotoka kwenye tope ndipo akasema kwamba hakuna haja tena ya kwenda mbele.

Baada ya msiba huo alijitumbukiza kwenye kazi ya nta. Wanunuzi walitaka asali, wengi waliacha masega yakitupwa, naye aliyaokota, akayachemsha, akayachuja, akayafanya mikate mikubwa ya njano. Ilimsomesha Jenipher. Watu walimwita Mama Nta. Alikuwa mkimya, si mkali, ila hakupenda kuulizwa hali yake.

Mwaka elfu mbili, asubuhi moja ya mwezi wa saba, alikuwa jikoni nje akikoroga pipa la nta alipomwona mwanamume akija barabarani na godoro jembamba kichwani. Alimtazama kama anavyotazamwa mpita njia yeyote. Alikuwa amekonda, nywele zimepungua. Ni mwendo ndio uliomshtua, ule mwendo wa kutupa mguu wa kushoto nje kidogo.

Yule mtu alisimama. Alilishusha godoro, akaliegemeza kwenye mti wa uzio, akaunganisha viganja vyake kifuani.

"Shemeji," Paskali alisema. "Mungu akubariki. Neno lako ndilo lililonivusha kule ndani. Kila siku nililisema kabla ya kulala."

Severina alikuwa bado ameshika mwiko. "Neno gani?"

Paskali alitabasamu kwa aibu, kama mtu anayedhani anapimwa. "Lile ulilonitumia. Kwamba umenisamehe."

Jenipher alitoka ndani kwa kusikia sauti ya mwanamume. Alikuwa msichana mkubwa sasa, na hakumtambua. Severina aliuacha mwiko ndani ya pipa, akamshika binti yake mkono, wakaingia ndani, akakomea mlango. Nta iliungua yote siku ile. Moshi wake mweusi uliwafikia watu mpaka kanisani, wakaja mbio wakidhani nyumba inateketea.

Urbano naye alikuja. Watu walipoondoka alibaki ameketi kwenye kigoda, kofia magotini. Alikuwa amekwisha kumwona Paskali.

"Shikamoo, shemeji," Severina alisema.

"Marahaba, Mama Jeni."

"Yule mtu anasema nilimtumia neno."

Urbano akaeleza, na alieleza polepole, akitazama sakafu. Tangu mwaka wa kwanza Paskali alikuwa akituma ujumbe. Padri aliyekuwa akienda kusalisha wafungwa alikuwa pia akipitia vigango vya huku, na kila alipokuja alimweleza katekista wake: Paskali anaomba radhi, Paskali anauliza kama mjane amepata maneno yake, Paskali anaomba jibu. Padri aliomba yafikishwe kwa familia ya marehemu. Urbano ndiye familia. Aliyapokea, akayanyamazia.

"Ulikuwa umetoka kujifungua," alisema. "Ulikuwa hulali. Mama alisema maziwa yako yatakauka ukisikia hata jina lake. Nikasema ngoja kwanza apate nguvu. Ulipopata nguvu mtoto akafa. Nikasema ngoja tena."

"Na msamaha?"

"Hakuacha kutuma. Kila padri akija, Paskali, Paskali. Nilichoka, Mama Jeni. Nikamwambia padri: mwambieni mjane amemsamehe, sasa aache. Nilitaka anyamaze tu."

Kumbe hakunyamaza. Ulipokuja mpango mpya wa parole, wa kuwatoa wafungwa wenye tabia njema kabla ya muda wao kwisha, Paskali aliwaambia maofisa kwamba hata mke wa marehemu amemsamehe. Maofisa wakaja Rungwa kuhakikisha. Severina alikuwa vijiji vya mbali akinunua masega. Waliuliza kwa mwenyekiti wa kijiji, wakaelekezwa kwa Urbano, na Urbano hakuweza kuyakana maneno yake mwenyewe. Alisema ndiyo, familia imesamehe. Wakamshukuru, wakaondoka.

"Ungeniambia hata siku ile," Severina alisema. "Ungeniambia anakuja. Nisingemkuta mlangoni kwangu nimeshika mwiko."

"Nilitaka kukuambia."

"Miaka minane ulikuwa unataka?"

Urbano alivaa kofia yake, akasimama. Severina hakumsindikiza.

Siku tatu baadaye Severina alipanda lori la mbao mpaka Itigi, akalala kwa dada yake, na asubuhi akaendelea mpaka mjini wilayani. Alitaka kitu kimoja: Paskali arudishwe alikotoka. Aliulizia ofisi tatu kabla ya kuonyeshwa chumba kidogo mwisho wa varanda. Ndani alimkuta afisa wa kike, Mnyiramba, kijana bado, aliyevaa sweta juu ya sare. Jina lake Dorkas.

"Shikamoo, mama. Karibu kiti."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mke wa Laurian wa Rungwa. Aliyeuawa na Paskali."

Dorkas aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi. Alisema anamjua Paskali, yuko chini yake, na ni mtu asiyesumbua. Akasema amefurahi kumwona mama aliyesamehe, kwa kuwa si wengi wanaoweza.

"Sikusamehe," Severina alisema. "Sikuulizwa."

"Lakini tuliambiwa umesamehe."

"Nani aliwaambia?"

"Familia, mama. Familia ya marehemu."

"Na mimi ni nani?"

Dorkas alisema kwamba utaratibu unataka jamii iulizwe na ndugu waulizwe, na waliulizwa. Hakuna mahali palipoandikwa mke aulizwe kwa jina lake. Bodi ilikwisha kuamua. Paskali angerudishwa tu akivunja masharti, yaani akilewa, akigombana, au akitoka kijijini bila ruhusa. Alisema haya kwa sauti inayozidi kudidimia, kwa maana alikuwa anamwona mama mtu mzima aliyekaa mbele yake, vumbi la lori bado kichwani, na alijua kwamba hilo halikuwa jibu.

Severina alifunga khanga yake, akajiandaa kuondoka.

"Mama, samahani," Dorkas alisema. "Kuna kitu Paskali huniuliza kila tukikutana, tangu yuko gerezani, nami sina jibu. Huuliza kama mtoto alipewa lile jina."

"Jina lipi?"

"Jina aliloacha marehemu. Kabla hajakata roho, njiani. Paskali anasema alilituma kwako katika ujumbe wake wa kwanza kabisa. Kwamba mtoto akiwa wa kiume aitwe Andrea."

Andrea ni jina la baba yake Severina, yule mfanyakazi wa reli wa Itigi.

Dorkas alinihadithia sehemu hii yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye. Alisema mama hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Alikuwa anaongea?" Dorkas hakuelewa. Severina akarudia, "Laurian. Njiani. Alikuwa bado anaongea?" Miaka yote ile alidhani mumewe alifia palepale kambini, kimya, hajui kinachotokea. Hivyo ndivyo alivyoambiwa siku ya msiba. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba aliishi usiku mzima, kwamba alijua anakufa, kwamba alimkumbuka.

Dorkas alimpeleka kwake, akampikia uji, akamlaza. Asubuhi alimtafutia usafiri.

Severina hakwenda nyumbani kwanza. Aliposhuka kwenye lori alikwenda moja kwa moja kwa Urbano, akamkuta anapalilia bustani ya mchicha.

"Andrea," alimwambia.

Urbano aliegemea jembe. Uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza Severina aliona kwamba shemeji yake amezeeka.

"Lilikuja siku chache kabla ya ubatizo," Urbano alisema. "Niliogopa. Jina limetoka kinywani mwa mtu aliyemuua baba yake. Nikasema hili litamfuata mtoto. Nikampa la babu, jina safi." Alijifuta mdomo kwa kiganja. "Na bado alikufa."

"Alikufa," Severina alisema.

"Unisamehe, Mama Jeni."

"Jijibu mwenyewe, shemeji. Umezoea kunijibia."

Kesho yake mchana, watu wakiona, alimchukua Jenipher wakaenda nyumbani kwa mama yake Paskali. Mama huyo kizee alipowaona aliingia ndani. Paskali alikuwa uani akikata magome ya mzinga. Aliliweka panga mbali naye kabla ya kusimama.

"Karibu, shemeji."

"Usiniite shemeji. Sikuja kukusalimia. Yale uliyonitumia hayakunifikia hata moja. Na lile neno ulilopokea si langu. Sikukusamehe. Sikujua hata kama umeomba."

Jenipher anakumbuka kwamba Paskali alikaa chini, juu ya magome aliyokuwa akiyakata.

"Basi nilikuwa naishi kwa kitu ambacho hakipo," alisema.

"Niambie njiani ilikuwaje. Yote. Usinipunguzie."

Paskali alimwambia. Alisema Laurian alizinduka usiku, akaomba maji, akauliza kimetokea nini. Alipoambiwa, alisema tu, "Kwa sababu ya mizinga?" Kulipopambazuka Paskali alimfunga kwenye baiskeli akaanza kusukuma. Laurian aliongea njia nzima, maneno mengine ya maana, mengine ya homa. Alidhani yuko Itigi, akauliza kama treni imeshapita. Alisema Severina ana mimba, akiwa wa kiume aitwe Andrea, ili mama yake asijione mgeni Rungwa. Alisema Jenipher asipigwe. Walipofika kwenye mchanga wa mto mkavu alisema anasikia baridi. Paskali alivua shati, akamfunika juu ya shuka. Walipotoka ng'ambo ya pili alikuwa ameshakwenda.

"Hakunitukana," Paskali alisema. "Ningependa angenitukana."

Severina alisikiliza akiwa amesimama. Jenipher alimvuta akae, hakukaa.

"Na Andrea yuko wapi?" Paskali aliuliza kwa woga. "Nimemtafuta kwa macho tangu nije. Nilidhani mmemficha nisimwone."

"Aliitwa Naftali. Alikufa na miaka mitatu."

Paskali alilia kwa sauti, kilio kibaya cha mwanamume asiyezoea, mpaka mama yake akatoka nje. Severina alimwangalia kidogo, kisha akamwambia binti yake, "Twende." Njiani Jenipher aliuliza kama sasa amemsamehe. Mama yake akajibu, "Nimemsikia. Hayo mengine sijui."

Wako waliomshauri abadilishe jina kwenye msalaba wa kaburi la mtoto. Severina alilifikiria kwa majuma. Alikwenda kaburini na rangi kwenye kopo, akachuchumaa pale, akarudi na kopo lake limejaa. Dada yake wa Itigi alipomwuliza, alisema mtoto hakumjua Andrea. Ukimwita Naftali ndipo alipogeuka akicheka, na kama yuko mahali anaposikia, basi aitwe kwa jina analoliitikia. Lakini baba yake mwenyewe alipofariki, miezi michache baadaye, na jina lile likatajwa kanisani mara kwa mara, Severina alishindwa kukaa ndani mpaka mwisho wa ibada.

Maisha ya kijiji kimoja na mtu aliyemuua mumeo hayana maelezo marefu. Paskali alizunguka njia ya mbali ili asipite mlangoni kwake. Hakunywa tena. Kanisani aliketi nyuma kabisa, akatoka wa kwanza. Hata hivyo Severina alimwona kila mahali, dukani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na kila alipomwona aliusikia ule mchanga wa mto. Alikonda. Pipa la nta likaanza kukaa siku nyingi bila moto.

Urbano aliacha ukatekista. Hakufukuzwa, alisema tu sauti imempungukia. Aliendelea kumlimia Severina shamba, naye aliendelea kumpelekea chakula akiwa analima, akakiweka kwenye kivuli na kuondoka. Walisalimiana, shikamoo na marahaba, mpaka Urbano alipokufa. Zaidi ya hapo hawakuwahi kuongea.

Dorkas alikuwa akija Rungwa kumkagua Paskali. Tangu siku ile ya ofisini alijiwekea desturi ambayo hakuagizwa na mtu: kabla ya kwenda kwa Paskali alipitia kwa Severina kwanza. Alimwambia Paskali yukoje, amesema nini, ana mpango gani. Kama kulikuwa na neno la Paskali linalomhusu, aliuliza kwanza, "Mama, kuna neno. Unataka nikuambie au nibaki nalo?" Mara nyingine Severina alisema, "Niambie." Mara nyingine alisema, "Baki nalo leo." Dorkas alibaki nalo.

Safari moja Dorkas alikuja na jambo kubwa zaidi. Paskali ameomba kuhamia Itigi, mtu mmoja amempa kazi ya useremala. Wakubwa wangeweza kuruhusu bila kumwuliza Severina.

"Lakini huko ndiko kwenu, mama, na dada yako yuko huko," Dorkas alisema. "Kwa hiyo nimekuja kukuuliza. Unasemaje?"

Severina alikuwa anapepeta mtama. Aliuweka ungo chini. Hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo kuhusu kifo cha Laurian, si mahakama, si kijiji, si ukoo. Sasa limekuja.

"Gari lako linaondoka saa ngapi?"

"Saa nane."

"Mimi sitakujibu leo. Nitakujibu kesho."

Dorkas alitazama barabara. Lori lingine lingeweza kuchelewa juma zima. Kisha alivua viatu vyake, akavisogeza ukutani, akasema, "Basi nisaidie kitenge, mama, nikusaidie kupepeta."

Jioni hawakuligusa jambo hilo. Walikula ugali wa mtama na mlenda, Jenipher akamwuliza Dorkas habari za kwao Kiomboi, wakalala. Asubuhi Severina alimpelekea mgeni wake maji ya kunawa, akasimama pembeni.

"Aende," alisema. "Mwambie siyo kwamba nimemsamehe. Nataka nipite kisimani bila kumwona. Hilo tu. Na asiende kwa dada yangu, asimpelekee neno. Akiwa na neno alilete kwako."

"Nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Usiongeze la kwako."

Paskali aliondoka mwisho wa mwezi. Severina aliijua siku, kwa sababu aliambiwa. Aliamka mapema, akachota maji ya kutosha siku mbili, akaufunga mlango. Lori lilipopita alikuwa ameketi kitandani na Jenipher, wakishikana mikono, wakisubiri mpaka ngurumo yake ikaisha kabisa upande wa Itigi. Jenipher akauliza kama afungue dirisha. Mama yake akasema bado kidogo.